Pasipoti ya Zilpah

Zilpah alirudi kutoka Arusha na pasipoti mpya ya Afrika Mashariki, akaiweka juu ya taipureta yangu makusudi. "Fowsiya, pale mpakani Namanga hawakuniuliza hata naenda wapi. Waligonga muhuri tu!"

Wivu ulinikaba, sifichi. Sote wawili ni makarani wa ofisi moja hapa Garissa. Hotuba ya semina ile ya Arusha niliipiga chapa mimi, tena mara tatu: msimamo wa serikali ni kwamba nchi jirani zisilazimishwe kuungana kwa mwendo mmoja; zilizo tayari zitangulie, nyingine zitafuata. Kisha kwenye semina akatumwa Zilpah. Mimi nilitumwa posta kununua stempu.

"Nawe omba basi, dadangu," akaniambia. "Ni rahisi sana."

Ijumaa tulipanda basi moja kwenda Nairobi. Hata mjini hatujatoka vizuri, kwenye daraja la Tana askari akaingia. Zilpah akaitoa pasipoti yake haraka ili abiria waione. Askari hakuitazama hata. "Kaa tu, madam."

Kwangu alisimama. Nikampa kitambulisho. Akataka na ile kadi ya rangi ya waridi, ambayo sisi Wasomali tulipewa kuthibitisha kwamba sisi ni Wakenya. Nikampa. Bado akanishusha, nikasimama juani nikimtazama Zilpah dirishani akijipepea kwa pasipoti.

"Unaenda wapi?" askari akauliza.

"Kenya," nikamjibu. "Mwenzangu yule ameshafika."