Utepe Mweusi wa Kinue

Tarehe tatu Novemba, siku ya sikukuu, meya wa Iwanose, mji mdogo wa pwani ya Japani, alikata utepe mwekundu kwenye mlango wa kituo kipya cha wageni, jengo lililokuwa wodi ya dharura. Siku hiyohiyo Kinue alianguka kando ya chanja zake za kukaushia ngisi.

Mumewe, Tokuji, alimkuta kifudifudi, ngisi mmoja bado mkononi, mdomo umepinda upande. "Baba," Kinue alimwita, kama alivyomwita tangu binti yao azaliwe, na neno likatoka limepondeka.

Ambulensi ilifika upesi. Vijana wale Tokuji hakuwalaumu. Ila ilibidi wavuke mlima hadi mji wa pili, kwa kuwa wakubwa walikwisha kuifunga wodi ya dharura, eti wagonjwa ni wachache. Na njia ya mlimani inapita mlangoni pa wodi hiyohiyo.

Hapo wakakwama. Watu walijaa barabarani, tarumbeta zinalia, na mtu aliyevishwa vazi la matambara lenye umbo la ngisi, nembo ya mji, macho kama sahani, anakata viuno mbele ya watoto. King'ora kilipolia, meya alicheka ndani ya kipaza sauti.

"Jamani, mnaona? Hata ambulensi imekuja kutushangilia!"

Umati ukaangua kicheko. Tokuji, ameshika mguu wa mkewe, alikisikia vizuri. Kinue naye alikisikia. Jicho lake moja lililobaki na uhai liligeuka dirishani. Walipoanza kushuka upande wa pili wa mlima, lilikuwa limetulia.

Siku arobaini na tisa za matanga yake zilipopita, Tokuji aliingia katika jengo lile. Alikuwa na haja moja tu. Ukutani, mkubwa kuliko mlango, alikuwa Kinue, anacheka, ngisi mkononi. Picha hiyo watu wa ofisi ya mji walimpiga mwaka wa nyuma, wakampa taulo kama shukrani. Chini yake waliandika: IWANOSE, NJOO UISHI MIAKA MINGI.

Palipokuwa na vitanda sasa paliuzwa aiskrimu ya wino wa ngisi. Wageni walisimama chini ya Kinue wakiilamba, ndimi nyeusi, meno meusi, wakicheka.

Hirabayashi, ofisa wa mji mwenye kazi ya kuvuta wahamiaji, alimjia mbio.

"Mtoeni," Tokuji alisema.

"Pole sana kwa msiba, mzee wangu. Kwa kweli mama yetu..."

"Si mama yako."

Hirabayashi akainama. Kuinama alikuwa anakuweza. Mgongo wake ulikuwa kama umetiwa mafuta. "Lakini mzee, wageni wanaipenda mno picha hii. Wanasema tabasamu lile linawapa imani. Tukimtoa, tutamweka nani?"

"Mwekeni meya. Meno anayo mengi."

"Ah, mzee una utani! Basi, tutalifikiria kwa makini."

Tokuji aliacha shule mapema akaenda kubeba barafu soko la samaki. Vitabu hakuvijua. Maneno hayo aliyajua: ndivyo wakubwa wanavyokutemea mate bila kufungua mdomo.

Picha ya marehemu huvishwa utepe mweusi. Hilo hata mtoto wa Iwanose analijua. Kesho yake asubuhi Tokuji aliuvua utepe wa picha ndogo iliyokuwa kwenye madhabahu ya nyumbani, akaenda nao, akapanda kiti, akaufunga kwenye pembe moja ya juu ya picha kubwa. Wageni wakaacha kulamba.

Mchana Hirabayashi alibisha hodi, na boksi la keki za maharage. Alikuja na Sugimori, mwenyekiti wa mtaa, aliyesoma darasa moja na Tokuji. Sugimori alipiga magoti mbele ya madhabahu, akachoma udi, akagonga kengele. Kisha akageuka.

"Toku, ndugu yangu, unatuaibisha. Wageni wanauliza nani kafa."

"Si muwaambie."

"Mji unakwisha huu, bwana! Wahamiaji wasipokuja, hata shule itafungwa. Unataka sote tuzikwe na mkeo?"

"Siku ile nilikuona kupitia dirisha la ambulensi, Sugimori. Ulicheka?"

Sugimori aliutazama mkeka. "Meya alisema neno la kuchekesha. Tungejuaje ni nani yumo ndani?"

"Angekuwa mke wa mwingine, mngecheka kwa raha zaidi?"

Hirabayashi alitoa mfuko safi wa nailoni, akauweka juu ya boksi kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na ule utepe, umekunjwa.

"Tumeupiga pasi," alisema kwa adabu.

Walipoondoka, Tokuji aliutoa utepe kwenye nailoni, akaukunjua.

Siku iliyofuata alirudi, utepe mfukoni. Alikuta mke na mume wamefika kutoka Tokyo kuutazama mji, mwanamke tumbo la ujauzito liko mbele, aiskrimu mkononi. Ngisi wa matambara alikuwa anawachezea.

"Ana raha bibi huyu!" mwanamke alisema akimwonyesha Kinue. "Tunaweza kwenda kumsalimia?"

"Amesafiri kidogo," Hirabayashi alijibu.

Tokuji akasogea. Hirabayashi alimwona, akajipenyeza katikati yake na ukuta, akainama, akainama tena, kila kuinama kukimsukuma mzee hatua nyuma. "Mzee wangu, tafadhali. Si leo. Nakuomba, si mbele ya wageni."

Mwanamke alikuwa anaangaza macho huku na huku, mkono mmoja juu ya tumbo. Akauliza swali. Hirabayashi akatabasamu, kisha akamtazama Sugimori aliyesimama mlangoni. Sugimori akatazama viatu vyake. Muuza aiskrimu akaanza kufuta meza aliyokwisha kuifuta. Ngisi akasimama, mikono yake ya matambara ikining'inia. Tokuji alimpita Hirabayashi, na safari hii hakuna aliyemzuia. Akapanda kiti, akainua utepe hadi kwenye pembe ya picha.

Mwanamke alidhani hawakumsikia. Akajipangusa midomo, meno yake meusi, akauliza tena.

"Samahani, mtu akizidiwa hapa, anapelekwa wapi?"