Mtihani wa Walinzi wa Bure

Baba yangu alistaafu ualimu, lakini chaki haikustaafu. Mwalimu Naftaly hawezi kununua majani ya chai ya kampuni mbili bila kuyapika katika sufuria mbili na kutangaza yaliyoshika namba moja. Tulipokuwa wadogo alitupangia nafasi hata kwa kuosha vyombo, na mimi Veronicah, kifungua mimba wake, nilishika mkia muhula mzima kwa sababu ya sufuria moja ya ugali. Sijasahau.

Kwa hiyo aliponipigia simu kutoka nyumbani Kanja kunieleza kwamba anawapa mtihani walinzi wa kompyuta, sikushangaa hata kidogo.

"Nimepakua antivairasi tatu za bure," alisema. "Kila moja inajisifu kwa mtandao ati ndiyo ya kwanza dunia mzima. Sasa Vero, wanafunzi watatu hawawezi kuwa namba wani wote. Lazima kuna wenye wanadanganya."

"Baba, hiyo kompyuta ilikuja na mlinzi wake. Si umwachie tu kazi?"

"Huyo sijui alisomea wapi."

Ningemcheka, ila nilijua alichokuwa anakilinda. Ndani ya kompyuta ile ya mezani, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani, mlikuwa na sauti ya mama.

Mama yangu, Celina, alipatikana na saratani ya koo mwaka jana. Madaktari walimtoa kisanduku cha sauti ili abaki hai, na tangu hapo anapumua kupitia tundu dogo shingoni, analifunika kwa kitambaa cheupe, na hatoi neno. Kabla ya upasuaji muuguzi mmoja, Mungu ambariki, alituambia tumrekodi. Wiki nzima baba alimwekea simu mbele. Mama akamwita kila mmoja wetu kwa jina, akaimba nyimbo za kwaya, akasimulia jinsi baba alivyofika kwao Kiambere akiwa mwalimu mgeni, akiogopa mamba wa bwawa hata akiwa darasani. Siku ya mwisho akatufukuza chumbani sote, baba akiwemo, akafunga mlango.

Alikuwa anarekodi baraka za harusi yangu. Nilikuwa nimeshaposwa na Gikunda, mkulima wa ndizi kule Mitunguu. Nyumbani kwetu binti hatoki uani kabla mama yake hajasema maneno yake mbele ya watu, na mama alijua kwamba siku hiyo itamkuta hana sauti. Aliamini pia kwamba baraka ikisikika kabla ya siku yake inapoa. Kwa hiyo hakuna aliyeisikiliza, hata baba. Ilikaa ndani ya kompyuta ikingoja Desemba.

Baba alihamisha kila kitu kutoka kwa simu, kisha akaifuta simu, kwa sababu simu huibiwa. Akatoa nakala moja kwenye flashi. Nilimwomba aweke nyingine kwenye mtandao, kule wanakoita kwenye wingu.

"Unataka tupeleke mama yenu mawinguni kabla siku yake haijafika?" akaniuliza, na mama akacheka bila sauti mpaka akashika shingo. Mjadala ukaishia hapo.

Lakini hofu yake kuhusu virusi haikuwa ya upuuzi. Huku kwetu mwalimu mstaafu ndiye mwandishi wa historia za marehemu. Mtu akifariki, kabla hata jeneza halijanunuliwa, familia inakuja kwa baba na flashi yenye picha. Yeye anaketi, anauliza marehemu alizaliwa lini, aliokoka lini, aliacha wajukuu wangapi, anapiga chapa. Flashi ile inatoka hapo inakwenda saiba kuchapishwa, inakwenda kwa mtu wa spika, inakwenda kanisani, halafu inarudi kwa baba na matanga mengine, imebeba mafua ya kila kompyuta iliyopita. Mtu angemwambia aache kazi hiyo, lakini nani angewaandikia wafu?

Basi akaanza mtihani. Majina ya Kizungu ya wale walinzi hakuyapenda, akawapa majina ya mbwa tuliowahi kufuga: Simba, Askari na Popi. Akabandika karatasi ya manila ukutani, kando ya kalenda ya kanisa, akachora mistari ya alama. Maswali yalikuwa zile flashi chafu zenyewe, alizozikusanya ndani ya mkebe wa kakao. Na kwa kuwa ni mwalimu, hakukubali watahiniwa waibiane majibu. Simba akiwa kwenye mtihani, Askari na Popi walizimwa. Yule mlinzi aliyekuja na kompyuta alizimwa moja kwa moja, kwa kosa la kunong'onezea wenzake.

Simba aliongoza. Alinusa karibu kila uchafu, ila alibwekea pia historia ya marehemu Mzee Kathuri, akaifungia siku moja kabla ya mazishi, na baba akamkata alama kwa utovu wa nidhamu. Askari alikuwa mzuri lakini mzito. Akianza kukagua, kompyuta ilikoroma tangu chai ya saa nne hadi ng'ombe wakakamuliwa. Popi hakukamata kitu. Kila flashi aliyopewa aliisifu, akaweka alama ya kijani, kisha akamshauri baba amnunue kaka yake mkubwa wa kulipiwa.

Mtu mwingine yeyote angemfukuza Popi siku hiyo hiyo. Baba yangu hajawahi kufukuza mwanafunzi dhaifu maisha yake yote. Watu wazima wenye familia bado wanamsimamisha sokoni Kanja kumshukuru kwa kuwapa nafasi ya pili. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo iliyotumaliza.

Ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa nimetoka Embu mjini ninakofanya kazi kwenye duka la dawa za mifugo. Tulikuwa jikoni na mama tukimenya ndizi alizotuma Gikunda. Baba alikuwa sebuleni na mlango uko wazi.

"Leo Popi anarudia," akatangaza. "Mtoto anaweza kuwa aliamka vibaya. Nikimaliza huyu, namba wani atakagua flashi ya mama yenu, ndio nifunge mtihani."

Nilikwenda kutazama, nikiwa na kisu na ganda la ndizi mkononi. Flashi yenye nakala ya mama ilikuwa tayari imechomekwa upande mmoja, ikingoja zamu yake. Upande wa pili palikuwa na flashi ya matanga yaliyofanyika Kiambere wiki iliyotangulia. Ndani yake folda moja iliandikwa Picha za Marehemu.

"Ameisoma," baba akasema. "Anasema iko sawa."

"Basi umempa sifuri au umempa mia?"

"Bado. Lazima nifungue nione kama anasema ukweli."

Akabonyeza mara mbili. Haikuwa folda. Ilikuwa programu iliyovaa sura ya folda, lakini hilo tulielezwa baadaye. Wakati ule tuliona tu kwamba hakuna kilichofunguka. Popi alibaki kijani. Baba akabonyeza tena, kwa subira ile ile anayompa mtoto mgumu wa hesabu.

Kisha picha ya harusi yao iliyokuwa kwenye kioo ikageuka karatasi nyeupe. Ikafuata historia ya Mzee Kathuri. Majina ya mafaili yakaota mikia ya herufi zisizosomeka, moja baada ya jingine, yakishuka kwenye orodha. Nilimwona baba akinyoosha kidole na kugusa kioo, kama anayemzuia mtu mlangoni. Nikaruka nikachomoa waya ukutani.

Tulipowasha tena tulikuta barua ya Kiingereza kizuri sana. Walisema mali yetu iko salama mikononi mwao, tulipe kwa pesa za mtandaoni, watatupa ufunguo. Nilipatwa na hasira za kutaka kuvunja kitu. Watu hawa hawakumjua mama yangu, wala Kanja hawakuijua, na walikuwa wametufungia mlango wa nyumba yetu wenyewe. Ningejua walipo ningekwenda kwa miguu.

Jumatatu niliipeleka kompyuta Embu mjini kwa Vincent, kijana anayetengeneza kompyuta kwenye ghorofa ya juu ya duka letu. Nikampelekea na ile flashi, na simu ya zamani ya baba. Alikaa navyo hadi wiki iliyofuata.

"Madam, virus nimetoa," akaniambia. "Hiyo haikuwa ngumu. Hata hiyo antivirus ya bure ya pili ingetoa."

"Kwa hivyo tumepona?"

"Kompyuta imepona. Files ndio zimefungwa. Ona hivi, mwizi ameingia kwa nyumba, akafunga kila sanduku na kufuli yake, akaenda na key. Antivirus kazi yake ni kufukuza mwizi. Key haina."

"Na hiyo kufuli haivunjwi?"

"Ya hawa watu, bado. Flashi nayo imefungwa hivyo hivyo. Kwa simu nilijaribu, lakini mzee amepiga picha nyingi za matanga juu yake, hakuna kitu imebaki. Usifute hizo files. Pengine siku moja hao watu watashikwa, key itolewe."

"Siku moja lini?"

"Hiyo sijui, madam. Pole." Akakataa nimlipe, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hali ni mbaya.

Nyumbani nilimweleza baba. Aliketi mbele ya kompyuta, akawarudisha walinzi wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akakagua kuanzia mwanzo hadi mwisho. Simba akasema kompyuta iko salama. Askari akasema iko salama. Popi akasema iko salama na kumpongeza. Walikuwa wanasema kweli, maana uchafu haukuwemo tena.

"Wamefungana," baba akasema. "Wote watatu, namba wani."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali mdomoni, nimeyapanga njia nzima kutoka mjini. Nilitaka kumwambia kwamba rahisi ni ghali, kwamba mama hakuwa swali la mtihani, kwamba kila siku anajifanya mwalimu wa vitu asivyovijua. Nikamtazama shingo, jinsi ilivyokonda ndani ya kola, nikayameza yote. Yeye ndiye aliyekuwa akimsikiliza mama akiimba kila Jumapili jioni, sauti imepunguzwa, akidhani hatumsikii.

"Tusimwambie mpaka harusi ipite," akanong'ona.

Watu husahau kwamba aliyepoteza sauti hajapoteza masikio. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia, akamwekea baba mkono begani, akakifunika kioo cha kompyuta kwa kile kitambaa cha kufuma. Nilimletea daftari analoandikia mahitaji yake, chumvi, dawa, simu ya fulani. Nikamwomba aniandikie zile baraka, hata kwa kifupi, nisomewe siku yangu. Aliandika neno moja la Kiembu lenye maana ya hapana, na chini yake akaandika kwa Kiswahili: Baraka hutoka kinywani.

Desemba ikafika na haikungoja kufuli lolote. Ua ulijaa. Wakwe walikuja kutoka Mitunguu wakiwa wamevaa sare, wanawake wao wakiimba Kimeru, na mahema mawili hayakutosha. Saa ya kunitoa ilipofika, mwendesha sherehe, binamu yetu Nyamu, ambaye alikuwa ameambiwa zamani kwamba kutachezwa sauti ya mama, alimtazama mtu wa spika. Mtu wa spika akatikisa kichwa. Baba alikuwa ameinama anatazama viatu vyake.

Mama akainuka peke yake. Nyamu, kwa kuchanganyikiwa, akamsogezea kipaza sauti mdomoni. Spika zikatoa pumzi tu, ile inayopita shingoni, ya mkwaruzo, na watoto waliokuwa wakicheza nyuma ya mahema wakanyamaza. Mama akakisukuma kipaza sauti kando. Akanishika mikono yote miwili, akaanza kusema.

Midomo yake ilikwenda taratibu, kwa Kiembu. Nilidaka *mwana wakwa*, mwanangu. Nikadaka jina la Mungu. Baada ya hapo nikapotea. Niliitazama midomo ile kwa macho yangu yote, midomo niliyoijua tangu nizaliwe, na sikuambulia kitu. Mahali fulani alitabasamu, lazima ilikuwa sehemu ya kuchekesha, nami nikatabasamu nimechelewa. Mahali pengine machozi yalimtoka, na sikujua ni kwa ajili ya nani. Huwezi kumwambia mama akubariki tena polepole kama imla ya darasani. Watu zaidi ya mia walikuwa wamesimama kimya, hakuna aliyekohoa, na hakuna miongoni mwetu aliyesikia neno.

Kisha akanyamaza, midomo ikafungana, akavuta pumzi. Nilidhani ndio mwisho.

"Amina," nikasema.

"Amina," ua mzima ukaitikia kwa kishindo, kwa shukrani ya watu waliobanwa muda mrefu. Vigelegele vikapanda kutoka upande wa wakwe, mtu wa spika akafungulia muziki, Gikunda akanishika kiwiko, wanawake wakaanza kunivuta kuelekea langoni. Nikageuka kumtazama mama.

Alikuwa anatikisa kichwa, mikono bado ameinyoosha, na midomo yake ilikuwa ikiendelea kusema.