Mistari Sita ya Manjano

Sheria ya kikundi chetu niliitunga mimi mwenyewe, Wahu, mwenyekiti wao, "chealedi" kama wanavyoniita, tena kwa mdomo mpana: kilichotolewa hakirudishwi. Niliitunga mwaka jana, Mukami alipotuma mkasi wake mzuri kwa bahati mbaya, kisha akaanza kulialia kwenye WhatsApp arudishiwe. Nilimwandikia mbele ya watu wote, "Mukami, zawadi si mkopo." Wote wakacheka. Mukami hakuandika chochote wiki mbili. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Tuko wanawake wanane, wanne Kitale na wanne Bungoma, wote watu wa sindano. Kila baada ya miezi minne tunapiga kura, unapata jina la mtu wa mji wa pili, unamtumia mkebe. Ni ile mikebe ya buluu ya biskuti ambayo sijawahi kuiona na biskuti ndani katika nyumba yoyote. Unaweka kitu kimoja ulichokitengeneza kwa mkono wako, pamoja na vifaa usivyovitumia: vifungo, zipu, lastiki, nyuzi zilizobaki. Na kama una kazi iliyokushinda, uliyoianza ukaichoka, unaitia humo sindano ikiwa bado imechomekwa ndani yake. Hiyo tunaiita kiporo. Ukipokea kiporo huulizi maswali. Unakimalizia, kinakuwa chako.

Jumatatu nilimtumia mkebe Nakhumicha wa Bungoma, tunayemwita Mama Makokha. Jumatano asubuhi, nikiwa dukani kwangu mtaa wa Tuwan, Kitale, na mkono wa gauni la mteja chini ya cherehani, nilinunua bando nikafungua simu. Nakhumicha alikuwa ameweka picha jana yake jioni. Kwenye picha kulikuwa na mkebe ulio wazi, na kifuniko chake kimebonyea pembeni.

Mkebe wangu wa zawadi haukuwa umebonyea. Uliobonyea ni wa mama.

Chini ya picha alikuwa ameandika: "Asante sana chealedi. Vifungo vitamu! Zawadi sijaona lakini kiporo nimeona, naanza nacho leo leo. Hiyo manjano itakaa poa kwa kochi yangu."

Mguu wangu ulibaki umekanyaga cherehani. Nilipotazama, nilikuwa nimeushona mkono wa gauni ukafungika wote, hata mtoto mchanga asingepitisha kidole.

Mama alikuwa mfumaji wa kroshia. Kule kwetu Saboti hukuti nyumba ya waumini wa kanisa letu isiyo na kitambaa chake juu ya kochi. Uzeeni alianza kitambaa cha manjano, rangi ya kiini cha yai la kienyeji, kwa ajili ya kiti chake mwenyewe, maana vingine vyote alikuwa amevigawa. Alipomaliza mstari wa ishirini kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kulia ukafa na ulimi ukafa. Nikamleta kwangu Tuwan, akawa akinitaka anagonga kifuniko cha mkebe wake kwenye mguu wa kitanda. Ndiyo maana kimebonyea.

Baada ya miezi miwili akashika sindano kwa mkono wa kushoto, mkono ambao tangu azaliwe haukuwa umefuma hata kitanzi kimoja. Alichokifuma kilikuwa kibaya. Mimi ni fundi, siwezi kudanganya. Mstari ulipanda ukashuka, hapa vitanzi vimebana hadi sindano haipiti, pale vimelegea unaingiza kidole. Na mimi kosa silivumilii, nikiona mtu barabarani ana pindo lililopinda namfuata hata kama simjui. Siku moja mama akiwa amelala mchana niliufumua mstari wake wote, nikaufuma upya, ukanyooka. Nilijiona nimemsaidia.

Alipoamka aliupapasa, akanitazama, machozi yakamtoka. Kisha akaushika uzi akaivuta kazi yangu, akaifumua yote mbele yangu, kitanzi kwa kitanzi, halafu akaanza tena kwa mkono wake ule wa kushoto. Sikumwomba msamaha. Nilijiambia nitamwomba akipata nafuu. Akafuma mistari sita, akafariki mwezi wa Agosti, sindano ikiwa imechomekwa mwanzoni mwa mstari wa saba.

Mistari hiyo sita ndiyo maneno ya mwisho niliyonayo ya mama. Siku zake nzuri zinaonekana pale na siku zake mbaya zinaonekana. Sikuwahi kuifua wala kuimalizia, niliihifadhi ndani ya mkebe wake juu ya kabati. Jumatatu nikaushusha kutafuta kifungo, nikauweka mezani karibu na ule wa zawadi, na ofisi ya vifurushi ilikuwa inakaribia kufungwa. Nikaufunga kamba mkebe wa kwanza uliokuja mkononi, nikakimbia nao.

Sasa Nakhumicha ameandika, "naanza nacho leo leo." Hiyo leo leo ilikuwa jana.

Nilimpigia Nakhumicha. Mteja hapatikani. Nikapiga tena, nikapiga mara nne. Nikaanza kuandika kwenye kikundi: "Mama Makokha, tafadhali usiguse." Nikafuta. Nikaandika, "Kuna kosa kidogo limetokea." Nikafuta. Kila nilipoandika nilimwona Mukami kwao akisoma, akinywa chai polepole. Nilisimama, nikakaa, nikasimama, nikapanga bobini ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Jelimo, mwenye gauni, akaingia.

"Sasa, Mama Kui. Si ulisema leo iko tayari?"

"Kesho," nikamwambia, nikichukua mkoba na ule mkebe wa zawadi.

"Kesho gani na harusi ni Ijumaa? Na mbona mkono umezibwa hivi?"

"Nitaufungua. Jelimo, nakuomba, usinigombeze leo."

Labda aliona uso wangu, maana alinisaidia kufunga mlango.

Kutoka Kitale hadi Bungoma si mbali, lakini siku hiyo ilikuwa mbali. Nilihesabu ya kwamba mfumaji mzuri anamaliza mstari mmoja wa kitambaa kile kwa nusu saa. Kama alianza jana jioni amefika wapi? Kisha nikajipa moyo. Kumalizia si kuharibu, ataendelea juu ya mistari ya mama na mistari ya mama itabaki chini yake salama. Nitamwambia ukweli, nitampa mkebe wangu, nitachukua wa mama. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara nilikuwa naamini kidogo kuliko mara iliyotangulia, kwa sababu nilimjua Nakhumicha. Hatukuwa tumewahi kuonana ila kwa picha za WhatsApp, lakini kazi yake niliijua. Aliwahi kunitumia kitambaa cha meza chenye vitanzi zaidi ya elfu mbili, nikakikagua chote kwa miwani, sikupata kosa hata moja. Mtu wa namna hiyo hajengi juu ya msingi uliopinda.

Mwendesha boda aliyepajua kwake aliniteremsha upande wa pili wa reli, penye geti la kijani. Mwanamke mnene wa miaka sitini hivi, mstaafu wa ofisi za serikali, alitoka na miwani ikining'inia kifuani kwa kamba aliyoifuma mwenyewe.

"Chealedi! Ni wewe? Karibu, karibu ndani! Si ungesema unakuja nipike kitu?"

"Simu yako imezimwa, Mama Makokha."

"Ati stima ilipotea jana, bana, na hii simu betri yake ni ya kuzeeka kama mimi. Keti, keti kwanza."

Sikuketi. Kitambaa cha manjano kilikuwa juu ya mkono wa kochi. "Kile kiporo..." nilisema, nikikinyooshea kidole.

"Eeh, kiporo! Ngoja nikuonyeshe." Alikikunjua kwa mikono miwili, akang'aa uso. "Hii mistari ishirini ya kwanza ni ya fundi kabisa, hata mimi nilinyamaza. Lakini hii ya juu, wacha tu! Nikasema labda chealedi alikuwa anafundisha mtoto. Nikafumua yote sita, nikarudia na ule uzi mpya ulikuwa kwa mkebe. Angalia sasa. Imenyooka ama haijanyooka?"

Ilikuwa imenyooka. Kutoka wa kwanza hadi wa ishirini na sita ungedhani ni mkono mmoja. Mahali mama alipougua hapakuonekana tena.

Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kumuuliza nani alimtuma, nani alimwambia kila kosa la duniani ni lake kurekebisha. Lakini hata mimi, siku nilipoufumua mstari wa mama, hakuna aliyenituma. Nikalia tu, nimesimama katikati ya nyumba ya watu, mkebe wa biskuti kifuani.

"Woi, Mama Kui, ni nini? Umefiwa?"

"Ni mama yangu alifuma hiyo. Alikuwa amepooza. Alifuma kwa mkono wa kushoto, ndio akafa. Nilikosea mkebe."

Nakhumicha alikiweka kitambaa chini taratibu, akakaa.

"Yesu wangu," alisema. "Mbona haukuandika kwa kikundi? Hata kama simu yangu imezima, mtu angekuja hapa kuniambia. Wote wa hapa Bungoma wanajua kwangu."

Niliinamia mkebe. Akanitazama kidogo, akaelewa.

"Ni ile maneno ya mkasi wa Mukami," alisema.

"Ndiyo."

"Woi, chealedi."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Amesema alitumia uzi mpya.

"Uzi wa zamani uko wapi?"

"Gani?"

"Ule uliofumua, Mama Makokha! Uko wapi?"

Aligeuka kutazama jikoni, nami nikajua kabla hajajibu, kwa sababu mfumaji yeyote anajua. Uzi uliofumuliwa haufumwi tena hivihivi, umejikunjakunja. Unautia kwenye maji ya moto, unauanika umening'iniziwa kitu kizito, unanyooka, unakuwa kama wa dukani. Nilimpita mbio. Sufuria ilikuwa jikoni, maji yameanza kutoa mvuke, na kando yake kwenye bakuli lilikuwa bonge la uzi wa manjano, kavu. Nililinyakua kana kwamba maji yale yangeliruka kulifuata.

"Nilikuwa nangoja ichemke," Nakhumicha alisema nyuma yangu, kwa sauti ndogo. "Dakika kumi ukichelewa..."

"Usiseme."

Nilivuta kipande cha uzi karibu na dirisha. Ulikuwa na mawimbi kama nywele zilizotolewa misuko baada ya mwezi mzima, na mawimbi yenyewe hayakufanana. Hapa yalikuwa madogo, yamesongamana, kisha yakawa mapana, kisha madogo tena. Nilijua siku ile aliyobana hivi. Ilikuwa siku ya mvua, alikataa uji. Na mwanzo wa mstari wa ishirini na moja ulikuwa nje ya bonge, maana ukifumua unaanza na mstari wa mwisho, nao ndio unaoingia katikati. Mistari yote sita ilikuwa mle, imepangwa vile vile alivyoifuma.

Tulirudi sebuleni, Nakhumicha mbele. Alichukua kitambaa, akachomoa sindano, akavuta uzi. Kazi yake nzuri ya jioni moja na asubuhi moja ikaanza kutoka mstari baada ya mstari, naye hakuinua macho mpaka alipofika kwenye ishirini ya mama. Aliushika mwisho wa uzi wa zamani, akauunga pale.

"Nionyeshe ilikuwa aje," alisema. "Nitairudisha kama ilivyokuwa."

"Huwezi. Mkono wako ni mzuri sana."

Nikachukua sindano kwa mkono wa kushoto.

Haitakuwa ile, najua. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini Mungu wangu, sikujua ni kazi namna hiyo! Kitanzi cha kwanza kilinitoroka mara tano. Kidole gumba kiliuma, bega likapanda juu, na ulimi ukanitoka nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Palipokuwa na mawimbi madogo nilijitahidi kubana, palipokuwa na mapana niliachia. Nilipofika kitanzi cha kumi nilikuwa natoka jasho, nikafikiria mwanamke mzee kitandani akifanya hivi huku nusu ya mwili wake imekufa, na mimi pale mlangoni nikiona mstari uliopinda tu. "Nisamehe, mama," nilisema kwa sauti, miezi kumi nikiwa nimechelewa. Nakhumicha alikaa karibu yangu kwenye kochi, bonge mapajani mwake, akiniachilia uzi kidogo kidogo usivutike.

Kitanzi cha kumi na mbili niliruka shimo. Nililiona, naye aliliona. Nilisikia akivuta pumzi. Mkono wake wa kulia ulinyooka wenyewe, vidole viwili mbele, ukaja hadi karibu na sindano yangu kutaka kunirekebisha.

Kisha akaurudisha, akaukalia.