Kiti cha Kizingitini

Miguu miwili ya kiti changu ilikuwa ndani ya darasa, na miwili ilikuwa nje, kwenye korido. Chini yake, katikati, kilipita kizingiti cha mlango, ubao mpana uliolika kwa viatu vya watu waliosoma pale kabla yetu. Kitukuu wangu alikuwa amelala kifuani kwangu ndani ya mbeleko, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika kola ya gauni langu kana kwamba ningetoroka. Mvua ilikuwa inapiga paa. Mbele ya ubao wa kuandikia alikuwa amesimama mjukuu wangu, mama wa mtoto, na karatasi mkononi mwake.

"Kila mnapoingia humu," akasema, "mnapita kwa bibi yangu."

Watu wakageuka kunitazama. Nikatamani kizingiti kifunuke nizame humo.

Lakini hapo nimeanzia karibu na mwisho. Nirudi nyuma kidogo, nieleze kiti kilifikaje pale.

Mjukuu wangu alikuwa chuoni anasomea anthropolojia. Jirani aliniuliza ndiyo nini hiyo, nikamwambia anasomea watu, jinsi wanavyoishi na kwa nini wanafanya wanayoyafanya. Jirani akashangaa. "Watu nao wanasomewa? Si wapo tu?" Nami nilikuwa na wazo kama lake, ila sikulisema, kwa sababu mjukuu ni wangu.

Alishaahirisha masomo mara moja, alipojifungua. Chuo kilimweleza waziwazi kwamba hakuna mara ya pili. Akiondoka tena, nafasi anapewa mwingine. Baba wa mtoto alikuwa kazini mji mwingine, binti yangu naye yuko mbali, kwa hiyo mlezi nilikuwa mimi. Ningeweza kubaki na mtoto nyumbani, tatizo ni kwamba alikataa chupa. Tulijaribu chupa ya kila namna, na kikombe, na kijiko. Aliitazama chupa kama mtu aliyetukanwa, kisha akalia mpaka jirani akabisha ukutani. Basi nikamfunga mbeleko, nikachukua sindano na nyuzi zangu, maana mimi ni fundi wa kushona na mikono yangu haijui kukaa bure, tukaenda chuoni watatu.

Mlinzi wa jengo alitusimamisha mlangoni mwa darasa. Mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kuomba radhi hata anapokataza.

"Bibi, shikamoo. Asiyesajiliwa haruhusiwi kuwa ndani ya darasa."

"Marahaba, mwanangu. Huyu hata meno hana, atasajiliwaje?"

"Na wewe, Bibi?"

"Mimi ninayo machache."

Akacheka, akajikuna shingo, akaondoka. Aliporudi alikuwa amebeba kiti. Alikiweka koridoni, akatikisa kichwa, akasema korido haizibwi kwa sababu ya mambo ya moto. Alikiingiza ndani, akatikisa kichwa tena. Mwishowe akakiweka juu ya kizingiti, nusu huku na nusu kule, akakisukuma kidogo kwa mguu mpaka kikatulia.

"Ndani kuna sheria," alisema. "Korido ina sheria. Hapa katikati sijaona sheria."

Baadaye niligundua kwamba kile kilikuwa kiti chake mwenyewe. Muhula mzima alikalia ndoo iliyopinduliwa, wala hakuwahi kulitaja.

Ndivyo nilivyoanza kusikiliza somo la nadharia za jamii na utamaduni. Nisidanganye, nilielewa robo. Mhadhiri alikuwa mama wa makamo, mkali, wanafunzi walimwita Daktari kwa sauti ya chini hata akiwa hayupo. Hakunisalimia siku ya kwanza, wala hakunifukuza. Aliandika ubaoni na chaki yake ikawa inalia kwii, kwii. Mtoto akashtuka. Daktari hakugeuka, lakini kuanzia hapo kila alipoona mtoto amelala aliweka chaki chini na kusoma kwa mdomo, wanafunzi wakaandika kwa kusikia. Nadhani mle darasani niliyeliona hilo ni mimi tu.

Siku moja alizungumzia uchafu.

"Unywele ukiwa kichwani ni pambo," alisema. "Tunauchana, tunaupaka mafuta. Ukidondoka ndani ya kikombe, tunamwaga chai yote. Unywele umebadilika nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Haujabadilika. Umehama. Kila jamii ina mpangilio wake wa nini kikae wapi, na kilichokaa pasipo pake ndicho inachokiita uchafu."

Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa amekumbatia begi lake kifuani tangu asubuhi, kuficha mahali maziwa yalipopenya kwenye blauzi. Maziwa ya mama, kinywani mwa mtoto ni uhai. Yakifika kwenye blauzi, darasani, mtu anatafuta pa kujificha. Nikaona naye amesimamisha kalamu. Taratibu akaliweka begi sakafuni.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamuuliza habari za ule unywele. Akasimama katikati ya njia.

"Kumbe ulikuwa unasikiliza, Bibi?"

"Sikio moja si lilikuwa ndani?"

Alicheka mpaka akashika ukuta wa watu. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu ajifungue.

Basi muhula ukawa unakwenda. Kitu kilichokuwa kinanitia wasiwasi ni kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango. Wenzake walimwita Swali, kwa sababu hakuna kipindi kilichoisha bila yeye kunyoosha mkono. Usiku alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, akaja asubuhi macho mekundu, mara nyingine na unga kwenye nyusi. Mtoto akilia, kijana huyo alifumba macho na kuuma meno. Nilikuwa natoka haraka, nazunguka korido, lakini kilio kinakimbia kuliko miguu yangu.

Zikiwa zimebaki siku chache muhula uishe, Daktari alimwita mjukuu wangu baada ya kipindi. Nilikuwa pale pale mlangoni, nikasikia.

"Ofisi ya idara imepata malalamiko ya kelele," alisema. "Wanasema muhula ujao kiti kisiwepo hapa."

"Na mtoto, Daktari?"

"Mtoto yuko kwenye kiti." Alilisema akitazama viatu vyake.

Jioni ile mjukuu wangu alikuwa uani anafua blauzi, anaisugua kama aliyegombana nayo.

"Bibi, afadhali niache masomo tu. Mtoto akikua nitarudi."

"Urudi wapi? Si walishakwambia?"

Nikamuuliza kazi iliyobaki ni ipi. Akasema ni kusimama mbele ya darasa na kueleza nadharia moja kwa mfano alioushuhudia mwenyewe. Alikuwa ameandaa habari za foleni za benki.

"Basi nenda kaseme foleni zako," nikamwambia. "Kama ni kuondoka, uondoke umemaliza kusema. Usiondoke na neno mdomoni."

Akaendelea kufua. Kisha mikono yake ikasimama, povu likawa linateremka kwenye kiwiko.

"Bibi, siku ya kwanza pale mlangoni, nani alikusalimia?"

"Mlinzi."

"Na wanafunzi?"

"Hakuna. Wengine walikusanya nguo zao wakipita, kama wanapita kwenye ukuta uliopakwa rangi mbichi."

"Na mwanafunzi wa kwanza kukusalimia ni nani?"

Nikamkumbuka: binti aliyekatikiwa na mkanda wa begi, nikamshonea palepale, kesho yake akaniletea chai. Mjukuu wangu akaburuta kigoda akakaa mbele yangu, mikono bado imelowa. Akaniuliza, nikamjibu, naye akanikumbusha aliyoyaona kutoka kwenye dawati lake, mpaka mtoto akaamka akadai haki yake. Foleni za benki hazikutajwa tena.

Sasa ndiyo turudi kwenye ile siku ya mvua.

"Mwanzoni mlimpita bila kumtazama," mjukuu wangu alikuwa anasema. "Bibi yangu na mwanangu walikuwa unywele ndani ya chai."

Mkono ukanyooka karibu na mlango. Swali, bila shaka.

"Umetuchunguza bila kutuuliza," alisema. "Daktari ametufundisha watu waulizwe kwanza."

Mjukuu wangu akakunja ile karatasi, akaiweka mezani.

"Kweli. Nimekosea. Nawauliza sasa, na mkikataa nitakaa chini. Niendelee?"

Halafu binti wa mkanda wa begi akasema, "Endelea, bwana." Wengine wakaitikia. Swali akabaki amenyoosha mkono, kisha akaushusha.

"Endelea," alisema.

Akaendelea, safari hii bila karatasi. Akasema jinsi salamu ilivyoanza na mmoja, ikaambukiza darasa. Jinsi nilivyoanza kushikishwa miavuli na funguo. Jinsi mtoto alivyopewa jina la Profesa, na siku alipochelewa watu wakaulizana yuko wapi.

"Tumesoma muhula mzima mila za watu," akasema. "Tukaona ajabu watu wanaogusa jiwe kabla ya safari. Haya, aliyeingia kwenye mtihani wa katikati ya muhula bila kugusa mguu wa Profesa anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka. Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele kama maji. Ni kweli, walimgusa wote! Kila mmoja alijifanya anatania, na hakuna aliyethubutu kupita bila kugusa. Nami siku hiyo nilimvua soksi ili wasisumbuke.

"Kwa hiyo kilichokaa pasipo pake hakiishii kuwa uchafu," akasema kicheko kilipotulia. "Watu hao hao wanaweza kukikwepa asubuhi na kukiheshimu mchana. Sisi tumefanya yote mawili, kwa kiti kimoja. Na sasa kiti hicho kinaondolewa, kwa hiyo na mimi naondoka nacho. Sisemi mnionee huruma. Nasema tumeshuhudia jinsi mpaka unavyochorwa, na waliouchora ni sisi."

Swali akasimama, hakunyoosha mkono safari hii.

"Kama ni kusimuliwa, na mimi nisimuliwe sawasawa," alisema. "Malalamiko yalikuwa yangu. Nakuja hapa kutoka kazini kichwa kinagonga kama ngoma. Lakini sikusema mtoto aondolewe, jamani. Nilisema sisikii. Mlango hauwezi kufungwa, korido nzima inaingia humu: viti vinaburutwa, watu wanacheka, simu zinalia. Kelele za Profesa ni ndogo kuliko za hao." Akainamisha kichwa. "Na mguu niliugusa. Mara mbili."

Daktari alikuwa amekaa pembeni, mikono imefumbata kalamu. Upepo ukageuka, ukasukuma matone kutoka upande wazi wa korido mpaka kwenye madawati ya mbele. Mtoto akajikunyata kifuani kwangu.

"Fungeni huo mlango," alisema Daktari.

Swali, aliyekuwa tayari amesimama, akashika kitasa. Akasita.

"Daktari, kuna kiti."

"Nakiona."

Nikainuka, mkono mmoja chini ya mtoto. Magoti yangu yalikuwa yanauma kwa baridi, na nilikuwa naogopa jibu, lakini ilibidi mtu aulize.

"Mwalimu, nisogee upande upi?"

Daktari akavua miwani. Akanitazama, akamtazama mjukuu wangu pale ubaoni, blauzi ina alama mbili za maziwa na begi haliko popote karibu.

"Ndani, Bibi," alisema. "Mtoto anapigwa na baridi. Ofisini nitakwenda mimi."

Swali akakinyanyua kiti kwa mkono mmoja, akakiweka ndani, kando ya ukuta, akakifuta kwa mkono wa shati lake kabla sijakaa. Kisha akafunga mlango. Sikuwa najua korido ile ilikuwa na kelele kiasi gani mpaka zilipokatika. Nilisikia mtoto akipumua. Nilisikia masikio yangu yote mawili yakiwa mahali pamoja.

"Umebakiza hitimisho," Daktari akamwambia mjukuu wangu.

"Nilikuwa nalo," alisema, akajifuta macho kwa kiganja. "Ila limebadilika sasa hivi."

Miaka imepita tangu hapo. Daktari alikwenda ofisini kama alivyosema. Alizungumza nini huko sikuambiwa, ila kiti kilibaki ndani muhula uliofuata, mpaka mtoto mwenyewe alipoamua kwamba mkate ni chakula. Mlinzi nilimshonea mto wa kukalia. Mpaka leo anaukalia, kwenye kiti kipya.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alifundisha somo lake la kwanza pale pale chuoni, katika darasa lile lile. Alituomba tufike, mimi na mwanawe. Tulichelewa kwa sababu yangu, miguu haina haraka tena, tukakuta mlango umefungwa na sauti yake inasikika kwa mbali ikiuliza watu kuhusu unywele. Mimi nikaanza kutafuta kwa macho mahali pa kukaa koridoni.

Kitukuu wangu, ambaye bado haamini kwamba alisoma chuo kabla ya kuota meno, hakubisha hodi. Alisukuma mlango kwa bega akaingia, kama mtu anayerudi chumbani kwake kuchukua kitu alichosahau. Nikasimama kidogo pale kwenye ule ubao uliolika. Kisha nikanyanyua mguu, nikavuka, nikamfuata.