Bendera ya Pili

Kila asubuhi Ulises alitundika mkate kwenye kitasa cha mlango wetu. Alifanya kazi kwenye tanuri la don Remo, na akitoka, kabla hajaenda kulala, alipita kwetu na mfuko wake ungali moto. Mimi ndiye niliyemsimamia ubatizo, kwa hiyo aliniita madrina. Mwanangu Fabricio alimwita ndugu. Walianza shule siku moja, na asubuhi hiyo niliwafunga wote wawili kamba za viatu, mafundo mawilimawili, maana walikuwa watoto wa kukimbia.

Hapa Villa Aurelia mtu huzaliwa na timu yake. Yetu ni Sportivo, kijani na nyeupe. Ng'ambo ya reli ni Curtiembre, na huko hatuvuki hata kununua nyama. Marehemu mume wangu Anselmo alikwenda uwanjani na redio yake na kimto cha kukalia. Sportivo ikifungwa alirudi, akanuna, akala, yakaisha. Vijana hawakuishia hapo. Waliingia kwenye genge la jukwaani, lile linalosimama nyuma ya goli na ngoma zake, chini ya Bonge Cardozo. Ulises alipiga ngoma kubwa. Fabricio alibeba chochote alichoambiwa abebe. Mwanzoni nilisikia nyimbo tu. Baadaye nikawa nafua jezi zenye damu, na nikiuliza naambiwa, "Si yangu, Mama," kana kwamba hiyo ni habari njema.

Bendera kubwa ya genge niliishona mimi, kwa cherehani ileile ninayoshonea vitambaa vya altare. Waliniomba kwa adabu, nami nikaona ni kitambaa tu. Sikujua bado. Genge likinyang'anywa bendera yake, wale walioiiba huitundika kichwa chini kwenye jukwaa lao, mji mzima ucheke, na aliyekuwa akiitunza hana tena pa kuweka uso. Aliyepewa kuitunza alikuwa Ulises. Ilikaa juu ya kabati chumbani kwake, na hakuiacha peke yake.

Aliiacha mara moja tu. Ilikuwa misa ya kumbukumbu ya Anselmo. Fabricio alikuwa na nyama choma ya genge, akasema atakuja, hakuja. Ulises ndiye aliyenishika mkono hadi kanisani, akapiga magoti pembeni yangu na shati lake la pasi. Tuliporudi, dirisha la chumba chake lilikuwa limevunjwa.

Wakaja jikoni kwangu wote wawili. Ulises alikuwa mweupe kama amejimwagia unga.

"Imekwenda, madrina."

"Watu wa ng'ambo," Fabricio akasema. "Mama, shona nyingine. Kitambaa kilichobaki unacho."

"Kisha nimwambie nini Bonge?"

"Wewe usiseme kitu. Huyu atasema alivuka reli peke yake akaikomboa."

"Huo ni uongo, Fabricio. Tena uongo mrefu kuliko uzio wa padre."

"Basi acha, madrina," Ulises akasema. "Nitakwenda nimwambie mwenyewe."

"Kaa chini, fala wewe!" Fabricio akamkamata shingo, akagandamiza paji lake kwenye paji la mwenzake, kama walivyofanya tangu wadogo. "Ukienda huko utarudi umebebwa. Sikiliza. Ukizama wewe, nazama na mimi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Na mimi nilisikia. Kwa ajili ya maneno hayo nilikaa kwenye cherehani, na kila upindo niliupitisha na Salamu Maria, nikimwomba Bikira wa Luján anifumbie jicho moja.

Ilipokwisha ilikuwa mpya mno. Tukailoweka kwenye beseni la maji ya yerba, majani yetu ya chai, ili ipauke rangi ya uzee, Ulises akavua viatu akaingia kuikanyaga.

"Kanyaga, ndugu! Miguu yako hiyo, kitambaa kitazeeka chenyewe!"

"Njoo uipulizie mdomo wako basi, itoboke kabisa!"

Walirushiana maji uani kwangu hadi wakalowa, watu wazima wenye ndevu. Kisha tukaifukiza juu ya jiko la kuchomea nyama. Huo ndio mchana wa mwisho niliowasikia wakicheka pamoja, na ninamshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimeacha kazi zangu nikawatazama.

Jumapili Bonge aliibusu ile bendera mbele ya jukwaa zima. Ulises alibebwa mabegani. Fabricio aliimba jina lake hadi sauti ikakauka.

Jumapili iliyofuata Curtiembre walicheza kwao. Siku hizi mashabiki wageni hawaruhusiwi uwanjani, lakini picha haihitaji tiketi. Ikaingia kwenye simu za watu wetu wote: bendera yetu, ya kweli, kichwa chini.

Kesho yake mchana Bonge alikuja nyumbani na vijana wake. Ulises walikuwa wamekwisha kumchukua kwao, wakaja naye. Fabricio alikuwa nao. Bonge alivua kofia mlangoni, kisha akaitupa ile bendera ya pili juu ya meza yangu.

"Doña Herminia, shikamoo. Huu mshono wa nani?"

"Wangu. Nimeshona mimi. Kama kuna wa kupigwa, nipige mimi."

"Sisi ni watu wa heshima, doña. Hatugusi kina mama."

"Nilimdanganya," Ulises akasema haraka. "Nilimwambia genge limeagiza ya pili. Nilipanga mwenyewe, peke yangu."

Bonge akamgeukia mwanangu, taratibu.

"Na wewe, kivuli chake? Ulijua?"

Fabricio alikuwa anatazama sakafu.

"Sikujua."

"Basi wewe ndiye utakayeanza. Mkono wake wa kupigia ngoma. Twendeni uani, tusimchafulie doña nyumba."

Nikamshika Bonge koti. "Alijua! Mwanangu alijua! Yeye ndiye aliyeniambia nishone!"

Mbele ya Mungu, nilimtoa mwanangu wa tumbo. Nilidhani wakigawana kosa, watagawana na adhabu, na wawili wataibeba vizuri kuliko mmoja. Wale vijana walisita. Bonge akamtazama Ulises.

"Madrina ana hofu tu," Ulises akasema, na akanitabasamia. "Anaropoka ili aniokoe. Fabri hakujua kitu. Angejua angenikataza."

Wakatoka. Mmoja alisimama mlangoni akanizuia kwa mgongo wake, akiniambia, "Samahani, doña, samahani," lakini juu ya bega lake niliona. Hakuna aliyemshika Ulises. Aliweka mkono mwenyewe juu ya ukingo wa sinki la kufulia, kiganja chini. Walimpa Fabricio gongo la Ulises la kupigia ngoma. Nikaita jina lake, jina lote, kama siku ya ubatizo. Hakugeuka. Alipiga, na wengine hawakuhitaji tena kuongeza.

Nilimfunga Ulises mkono kwa kitambaa cha altare, ndicho kilichokuwa karibu. Hospitali walifanya walichoweza. Vidole vitatu havikujikunja tena. Unga haukandwi kwa vidole viwili, na don Remo, akilia, akamwambia hivyo.

Mama yake Ulises, comadre yangu Nélida, hanifungulii mlango. Simlaumu. Fabricio amepewa bendera aitunze, ile ya pili. Iko juu ya kabati lake, na mimi silali vizuri nayo ndani ya nyumba.

Kabla majira ya baridi hayajaingia, Ulises alikuja kuaga. Alikuwa anakwenda kusini kwa mjomba wake, kulinda ghala. Begi begani, mkono ule mfukoni.

"Ingia, mwanangu. Fabricio yumo chumbani."

"Najua, madrina. Viatu vyake naviona." Hakuingia. Alitazama kitasa cha mlango, kisha chini, akaona haya. "Kamba imefunguka. Bado sijajua kuifunga kwa mkono mmoja."

Nikapiga magoti kizingitini. Nikamfunga viatu vyote viwili, mafundo mawilimawili. Nyuma yangu nilisikia pazia la chumba likisogea, na pumzi ya mtu. Nikachelewesha vidole vyangu. Nilivuta kamba, nikainyoosha, nikaivuta tena, nikisema moyoni, toka, mwanangu, toka sasa, sema hata neno moja. Ulises naye hakuuondoa mguu.

Pazia lilitulia.

"Asante, madrina. Uniombee."

Alipokwisha kupinda kona ndipo Fabricio akatoka.

"Kasema nini juu yangu?"

"Hakusema kitu."

"Hata tusi?"

"Hata tusi."

Alikaa kwenye kiti cha baba yake, uso ndani ya viganja, mabega yakitikisika. Nikamwambia, "Basi la kusini halijaondoka. Kimbia." Akainua kichwa. Nadhani angekimbia. Aliisogeza miguu, akatafuta viatu.

Nje Bonge akapiga mluzi. Ilikuwa siku ya mechi.

Fabricio alivaa viatu. Akanawa uso kwenye sinki lilelile la uani, akapanda kitini, akaishusha bendera, akatoka nayo begani upande wa uwanja.