Barua ya Mtu Mwenye Wadhifa

Damu ya Chiriku ilioshwa kwa dawa ile ile ya kutolea madoa ya mashuka, na roli la pasi la kiwanda cha kufulia likawa linazunguka tena kabla gari lililompeleka hospitali halijarudi. Aliyesukumwa kwenye nafasi yake ni rafiki yake wa tangu usichana, mpiga pasi mwenzake. Akawa analisha mashuka ya hoteli kwenye chuma hicho cha moto, amekunja vidole visifuate kitambaa. Kinga iliyotakiwa kukaa mbele ya roli ilikuwa imeegemezwa ukutani. Meneja ndiye aliyeamuru ing'olewe. Eti inachelewesha kazi.

Wiki hiyo hiyo chuo cha uuguzi kilimtaka binti wa huyo mpiga pasi alete barua ya kumpendekeza kutoka kwa mtu mwenye wadhifa. Mtaani kwao shida kila mtu alikuwa nazo. Wadhifa hakuwa nao hata mmoja. Ikabidi mama akabishe hodi ofisini kwa meneja.

"Karibu, mama, keti," meneja alisema. Miaka yote hakuwahi kumkaribisha kiti. "Binti anataka uuguzi? Safi sana. Nimsifu kwa lipi?"

"Ana huruma, bosi. Alimuuguza bibi yake mpaka akafa."

"Hiyo tusiiandike hivyo, mama, watamkimbia!" Meneja akacheka, akaanza kuchapa. Kipaji alikuwa nacho. Alipomaliza akasoma kwa sauti: binti ana moyo wa subira na mikono ya upole, amelelewa na mama mkweli, na maji hufuata mkondo.

Mama akafuta macho kwa ncha ya aproni. Nyumba yake haikuwahi kuandikiwa jambo jema na mtu yeyote.

Meneja akaweka karatasi nyingine na kalamu mezani. "Na hii ni ya bima. Inaeleza tu ulichokiona. Mwenzako alikuwa anapiga soga, na kinga aliitoa mwenyewe."

"Lakini bosi, kinga ulisema wewe—"

"Mama." Sauti haikupanda. "Hapa tunazungumza habari za mtoto." Barua ya binti ilikuwa bado mkononi mwake, haina muhuri. "Mwisho wa kuipeleka ni lini vile?"

"Kesho."

"Basi."

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Alitamani kumrushia ile kalamu usoni. Lakini akilini alimwona binti yake amesimama mbele ya lile roli, yeye na ujana wake wote, na mkono ukaenda wenyewe. Akatia saini. Meneja akagonga muhuri, akampa barua, akamuuliza kama nyumbani hawajambo.

Binti alipokelewa. Bima ikamkatalia Chiriku, na kampuni ikamfukuza kwa uzembe.

Jumapili moja Chiriku akaja kupongeza, mdomo wake ule ule, ukimtangulia mlangoni.

"Hongera mama muuguzi! Nasikia barua ilikuwa tamu, karani wa chuo aliisoma mara mbili. Mimi huko kuna mnafiki kanisingizia, dada. Simjui. Mungu anamjua."

Mpiga pasi akasogeza kigoda kati yao, asipate pa kuweka macho.

"Sasa nisaidie," Chiriku akaendelea. "Kuna ofisi inatafuta mtu wa kupokea wageni. Kuongea nitaongea, au siyo? Lakini wanataka barua ya kazini. Wewe meneja anakusikiliza siku hizi. Tuiandike hapa, umpelekee asaini tu. Mkono huu wa kushoto bado unachora miguu ya kuku."

Akamtolea karatasi na kalamu, akaviweka juu ya kile kigoda.

"Anza hivi: huyu mama ni mwangalifu kazini, hakuna asiyejua."

Kalamu ikagusa karatasi, ikaacha nukta, ikasimama.

"Mwangalifu," Chiriku akarudia taratibu, kama anayemsomea mtoto imla. "Andika, mwenzangu."

Upepo ukaingia dirishani, ukainua karatasi. Chiriku akainama, akaikandamiza kwa kigutu chake chenye bandeji, akangoja.