Mayai ya Kware Wakati wa Mapumziko

...na nani abishe, haya, asimame anayebisha, nyinyi mliopanda juu ya ukuta na nyinyi mliobanana jukwaani mkitema maganda ya karanga, semeni kama kisiwa hiki chote cha Panay kina mkono mwingine kama huu wangu, tuko nyuma pointi moja, muda umebaki wa kupiga chafya tu, mitupo miwili yote yangu, nguruwe wa ushindi amefungwa nyuma ya meza ya waamuzi anasubiri kujua ataliwa na nani, na mimi Nupoy, mziba pancha, niliyeikimbia shule hii hii kabla hata ndevu hazijaota, nimesimama kwenye mstari wa mtupo huru, uwanja wa mpira wa kikapu wa shule hii hii, na walimu walionitoa darasani kwa sikio sasa wananipigia makofi, mkiona naongopa nipigeni mawe... lakini filimbi tena, nini tena, wanagombana mezani, anayegeuza vibao vya namba anasema hivi na mwenzake anasema vile, haya gombaneni, mpira ninao, vidole vyangu havina haraka, vidole hivi hupita ndani ya tairi na kuukuta mwiba ambao macho mawili hayakuuona, "Atakosa huyo!" wanapayuka vijana wa San Roque, wapinzani wetu, nyuma ya goli, "magoti yanacheza dansi!", na mtangazaji naye kakishika kipaza sauti kama anakitafuna, "Mabibi na mabwana, yule yule, Nupoy wa Manila!", na watu wanacheka, wanapiga vigelegele, wa Manila, wa Manila, jina nililojipa mwenyewe, maana mwaka jana nilipotoweka msimu mzima wa mvua nikarudi kipara kitupu, hata nyusi sina, nikawaambia timu ya kampuni ya saruji ilikuwa inanijaribu kule Manila, kipara ndio mtindo wa wachezaji wa huko, upepo haukukamati, na wakaamini, haki ya Mungu wakaamini, wiki ile ile nusu ya wavulana wa kitongoji wakanyoa vichwa, kinyozi akanikata bure mwaka mzima na mimi sina cha kukatwa... futeni basi na maji hapo, paa linavuja, mtu atavunja shingo, na Dindo yuko pale pembeni ya mstari, wa pili kushoto, mikono magotini, tayari kurukia mpira ukigonga chuma, Dindo wetu, miaka kumi na saba, mwanafunzi wa hapa, mwepesi kama panzi, ananikonyeza, anaivuta bukta yake upande mmoja, asiivute, kila akiivuta moyo unanishuka, tangu mapumziko naifukuza picha ile na bado inarudi, Ma'am Socorro, nesi wa shule, anaingia katikati ya uwanja na sare yake nyeupe na bakuli la mayai ya kware aliyoyanunua pale pale kwa muuza vitafunwa, ananyang'anya kipaza sauti, "Wavulana, kaeni, hakuna anayetoka," na mlangoni kasimamisha mlinzi, mjanja mama yule, siku nyingine awapate wapi wavulana wote pamoja, "leo tunazungumza habari za korodani," na uwanja ukapasuka, watu wakagaagaa, mwingine kajifunika uso na fulana, yeye hata kope hakupepesa, "kila mwezi mara moja, mkishaoga kwa maji ya moto, ngozi ikishalegea..." "Maji ya moto yako wapi, Ma'am, kwetu kuna pipa!" "Basi oga mchana, pipa likishapigwa na jua. Moja moja, kidole gumba na vidole viwili, taratibu, unaizungusha. Ule mshipa mlaini wa nyuma ni wako, usiuogope." "Ma'am, mimi najikagua kila siku!" akapayuka Boyet mdomo bakuli, kelele mpaka nguruwe akaguna, na Ma'am akamwita mbele, "Vizuri, basi wewe ni mtaalamu, njoo," akampa yai lililomenywa, "likoje?" "Laini, Ma'am." "Pande zote?" "Pande zote." Akampa la pili, alilokuwa amelichomekea punje ya choroko chini ya ngozi, na Boyet akalizungusha akicheka, akalizungusha tena, kicheko kikamkauka, "Kuna kitu, Ma'am." "Kinauma?" "Yai litaumaje, Ma'am?" "Na hicho nacho mara nyingi hakiumi, ndiyo maana mnakaa nacho kimya. Kigumu, hakiumi, usikiminye, usikikande, njoo kwangu, tutapanda basi pamoja kwenda hospitali, kikiwahiwa watu wanapona," na wakati anasema wanapona alinitazama mimi, mimi tu kati ya watu wote wale, nikajifanya nafunga kamba za kiatu... "Tupa basi, Manila! Au mpaka nauli ya ndege?" ...ngoja wewe wa San Roque, nitakutia mbili mfululizo ukalale njaa, ngoja... kisha Dindo akanifuata pale kwenye mtungi wa maji, nyuma ya jukwaa, hajanywa, kikombe kimejaa, "Manong," akaniita, kaka, na huniita hivyo akitaka kitu tu, "Manong, ile choroko." "Enhe, unataka kula?" "Ninayo." Nikacheka, mimi nimezaliwa nikicheka, "Unayo wapi, mfukoni?" Hakucheka. "Kulia. Tangu tuvune mpunga. Bibi anasema ni ngiri, eti magunia niliyobeba yameishusha. Kesho baada ya misa anakuja Mzee Pabling kunikanda, mafuta ya nazi ya moto, anaisukuma juu kisha anafunga kitambaa." Nikamwambia, toto, usikandwe, umemsikia Ma'am, Jumatatu panda naye basi. "Kule watanikata." "Wakikata moja si inabaki moja?" "Na nani anacheza na moja, Manong? Nani anakimbia na moja? Wewe unachekesha tu. Sawa, nionyeshe mtu mmoja aliyekatwa na bado yuko uwanjani, mmoja tu, naapa Jumatatu mimi ndiye wa kwanza kwenye basi." Na mimi, mdomo huu usiojua kufunga, mdomo ulioiuzia vipara nusu ya kitongoji, nikasema, "Wapo, kule Manila wapo tele," na yeye akamwaga maji chini, "Manila yako hiyo, Manong, kila kitu kipo," akarudi uwanjani, na kipindi chote cha pili kakimbia kama anakimbizwa, akanipa pasi zote, zote, hata hii niliyochezewa madhambi ilitoka mkononi mwake... "Sabini na mbili! Nimeandika mimi!" "Umeandika na macho gani?" ...bado wanabishana, refa kanyoosha kiganja, nisubiri, nasubiri, na moyo wangu unapiga kama watoto wanapanda ngazi mbio, si kwa ajili ya nguruwe, nguruwe nilishamsahau, ni kwamba nimeona, sasa hivi, hapa kwenye mstari nimeona, Nupoy mjinga wewe, mtoto kaomba mtu mmoja tu na watu wote hawa wanamtazama mtu huyo na hawamjui, kipaza sauti kiko pale pale mezani, nikitia au nikikosa nitakichukua, nitakichukua hata mtangazaji akining'ata, cheka Boyet, chekeni San Roque, tungeni na wimbo, ila kesho Mzee Pabling asipashe mafuta, maana kuna sehemu nimeiruka, kila nikisimulia nairuka, sijawahi kukanyaga Manila, sijui hata inanuka vipi, nilikuwa hospitalini Iloilo mjini, hapa hapa kisiwani, ghorofa ya nne, kitanda cha dirishani, na vidole hivi vinavyokuta miiba vilikuwa vimeikuta choroko tangu Krismasi, vikanyamaza, na mimi pia nilisema ni ngiri, ni yale matairi ya lori, na Mzee Pabling alinikanda, kila Jumapili, mpaka Wiki Takatifu, mpaka choroko ikawa kokwa na kitu kikapanda tumboni, ningewahi labda wangekata tu nikarudi na nywele zangu, badala yake dawa ya saratani ikazichukua zote, na Ma'am Socorro ndiye aliyenishikia beseni nikitapika na kumwita mama yangu kama mtoto wa chekechea, na kushoto hakuna kitu, Dindo, kovu tu, na pointi zote za leo, zote ulizozishangilia, nimezifunga na moja, acha kuivuta hiyo bukta, toto, inua uso, ulitaka mmoja, bado wanagombana mezani, mpira bado ninao, nitazame...